Mkono Ukisimama

"Wifi, sikiliza, mimi sijasema..."

"Umesema. Kwa mdomo wako huohuo..."

"...nimesema kama ukipenda, kama unajisikia..."

"...umesema 'ni kulala tu kidogo'. Kulala nalala kwangu. Kitanda ninacho, mume ninaye..."

"...nani kamtaja mumeo hapa..."

"...na mto ninao. Sitaki kwenda kulala juu ya karatasi."

"Jamani," ikasema sauti ya tatu katikati yao, sauti ya mtu anayeumia kwa adabu, "mimi nimekuja kusukwa, sijaja kunyofolewa."

Hapo ndipo wote wawili walipokumbuka kwamba baina yao kulikuwa na kichwa cha mtu. Kilikuwa juu ya kiti cha plastiki, nusu kimesukwa, nusu kimesimama kama kichaka, na kila msusi alipopandisha sauti ndivyo vidole vyake vilivyozidi kukaza. Mteja wa watu machozi yalimlengalenga, na ugomvi wenyewe haukumhusu.

"Pole, dada yangu," msusi akasema, akalegeza. "Si wewe. Ni huyu mgonjwa wa kuongea."

Huyo mgonjwa wa kuongea alikuwa dada wa mume wake. Nyumbani walimwita Kasuku tangu hajaota meno ya pili, na alipofika chuoni, mji mwingine kabisa, watu wapya kabisa, haikupita hata wiki wakamwita Kasuku bila kuambiwa na mtu. Sasa alikuwa mwaka wa nne, wa mwisho, akisomea shahada ya altrasaundi: ile kazi ya kuwapaka watu jeli tumboni, kupitisha kidude juu yake na kuwaona mpaka maini. Mama yake alipoulizwa na majirani binti anasomea nini, alijibu kwa kifupi, "Anasomea kuchungulia," na majirani, kwa jinsi walivyomfahamu tangu utotoni, waliona kweli mtoto kapata fani yake.

Ila fani ilikuwa inataka kumponyoka. Mtihani wa mwisho wa vitendo alikuwa ameshaufeli mara moja, na ukiufeli mara ya pili hakuna ya tatu. Unakusanya miaka yako minne, unaikunja, unarudi nayo nyumbani bila cheti. Safari hii kila mtahiniwa alitakiwa aje na mtu wake: mama mjamzito aliyefika katikati, mwenye kadi ya kliniki, aliyekubali mwenyewe. Kasuku alikuwa naye. Asubuhi ile mume wa yule mama alipiga simu, akasema kwa heshima zote kwamba tumbo la mke wake si daftari.

Mtihani ulikuwa keshokutwa. Na hapa mbele yake, katika mji huohuo wa chuo, alisimama mtu wa ukoo wake, mjamzito, amefika katikati hasa, kadi ya kliniki iko kwenye droo ya vitana.

"Watu mia wanataka kupigwa hiyo picha," Kasuku alisema, sasa kwa sauti ya chini ili kumhurumia mteja. "Wanapanga foleni. Wewe unaletewa nyumbani kama maji."

"Basi wapelekee hao mia."

"Hata hivyo unatakiwa upige, wifi. Kliniki wamekwambia mara ngapi?"

"Mwezi ujao nitapiga."

"Mwezi uliopita ulisema mwezi ujao."

"Na mwezi ujao nitasema hivyohivyo. Dada, inamisha kichwa."

Mteja akainamisha. Kichwa kikamalizwa kimyakimya, na kwa Kasuku kimya ni kama njaa, alikuwa anahesabu mafundo ili avumilie. Mteja alipojitazama kwenye kioo, akashukuru, akaondoka akijishika kichwa kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mayai, msusi hakuanza kufagia nywele kama kawaida yake. Alikaa kwenye kile kiti cha plastiki, mikono juu ya tumbo.

"Nikwambie kitu, na usinikatize."

"Sikukatizi."

"Umeshanikatiza."

Kasuku akafunga mdomo kwa vidole.

"Ile mimba ya kwanza," wifi yake akasema, "mnajua ilitoka. Kaka yako aliwaambia ilitoka. Hakuwaambia nilijuaje, kwa sababu hata yeye hajui. Nililala pale kwenye kitanda, kijana wa watu ananipima, anaongea vizuri, mcheshi kama wewe. Ananiuliza nasukia wapi, dada zake wana nywele ngumu. Nacheka. Halafu akaacha kuongea. Mkono wake ukasimama hapa." Akagusa chini ya kitovu. "Mimi ninaishi kwa mikono, wifi. Nikisuka nikakuta kidonda kichwani mwa mtu, mkono unasimama kabla mimi mwenyewe sijajua kwa nini. Kwa hiyo niliupata ujumbe. Akasema, 'Nisubiri kidogo, namwita daktari.' Nikasubiri kidogo. Ndio mpaka leo."

Kasuku alifungua mdomo, akakuta hamna kitu.

"Unaona?" wifi yake akasema, taratibu, bila hasira hata chembe. "Hata wewe unanyamaza."

* * *

Alienda mpaka kwenye geti. Alikuwa ameshamwambia basi, wifi, yameisha, nitatafuta mtu mwingine, na aliposema hivyo alijua kwamba mtu mwingine huyo hayupo. Alisimama pale, akisikia ufagio umeanza kufanya kazi ndani, akafikiria atamwambia nini mama. Kwamba mdomo umeponza kichwa? Hilo mama alikuwa akimwambia tangu yuko chekechea.

Maana kilichomfelisha mara ya kwanza kilikuwa mdomo. Walimpa mzee mmoja, mchangamfu, amelala chali kama yuko kwake, wakataniana vizuri tu, na Kasuku alipofika kwenye kifuko cha nyongo akaona mawe yamejipanga humo, akasahau yuko wapi. "Babu," akasema, "humu una kokoto za kutosha kumwaga zege ya kibaraza." Babu akacheka. Kasuku akacheka. Babu akaacha kucheka. Akashuka kitandani, akavaa viatu, akatangaza kwamba anakwenda kugawa shamba wakati sauti bado anayo, akaondoka na jeli yake tumboni, na manesi wawili wakamkimbiza mpaka lango kuu.

Mkufunzi aliyemsimamia siku ile hakupandisha sauti. Hakuwahi kupandisha. Wanafunzi walimwita Madamu Kimya, kwa viatu vyake vya soli laini ambavyo vilimfikisha nyuma ya mgongo wako kabla hujamaliza kumsengenya, na kwa somo aliloanza nalo mwaka wa kwanza na kumaliza nalo mwaka wa nne: mpimaji hasemi. Daktari ndiye anayesema. Wewe unaona, unapima, unaandika, uso wako uwe kama mlango uliofungwa. Jengo zima la picha, kila aliyeshika kile kidude alipita mikononi mwake, na ukitaka kuwajua wanafunzi wake unawatambua kwa nyuso, zimenyooka kama mashati yaliyopigwa pasi.

"Ulichokiona kilikuwa kweli," alimwambia Kasuku baada ya babu kukimbia. "Lakini jicho ni lako, habari si yako."

Na haki ilikuwa yake. Kasuku hakuweza hata kumchukia vizuri.

Ufagio ukanyamaza. "Wewe," wifi yake akaita kutoka mlangoni.

"Abee."

"Unaweza kutokunyamaza?"

"Wifi, hicho ndicho kilichonifelisha."

"Sijakuuliza historia. Nakuuliza unaweza? Kuanzia nimelala mpaka nimeshuka, usinyamaze hata kidogo?"

Kasuku akarudi hatua mbili tatu. "Kuongea naweza kuongea mpaka ulimi uote sugu. Lakini siruhusiwi kusema ninachokiona. Nikisema hata 'kichwa hiki hapa', nimekwisha. Sasa nitaongea nini?"

Wifi yake akamtazama kama mtu aliyeulizwa na samaki namna ya kuogelea. "Nani kakwambia useme unachokiona? Sisi wasusi tunaongea kutoka asubuhi mpaka jioni, na mtu akienda nyumbani ukimwuliza tulisema nini, hakumbuki kitu. Mteja ana mba, simwambii una mba. Namwuliza habari za mama mkwe wake."

"Hiyo nayo ni shahada."

"Na sikuifeli," msusi akasema. "Ingia ndani kabla sijaghairi."

* * *

Kaka mtu alirudi jioni na sanduku lake la vifaa. Alikuwa fundi friji, mtu wa maneno machache, ambayo mama yao alisema yalichukuliwa yote na dada yake wakiwa bado hawajazaliwa. Alisukuma mlango akakuta mke wake amelala kwenye kochi, tumbo wazi, linang'aa mafuta ya nywele, na dada yake amepiga magoti kando, akilipitishia rimoti ya televisheni huku anasimulia habari za mama mkwe wa mtu asiyemfahamu.

Akaweka sanduku chini. "Mnatafuta stesheni gani?"

"Tunajifunza," mke wake akasema.

"Mmeshapata picha?"

"Bado kuna chenga," Kasuku akasema. "Njoo ushike antena."

Alidhani atacheka. Kaka yake akawatazama, mmoja baada ya mwingine, na alipoelewa ni nini alichokuwa anakiona, akakaa sakafuni mwisho wa kochi, akashika mguu wa mke wake kwa mikono yake yenye harufu ya gesi na chuma. Hakuuliza umekubali lini. Alisema tu, "Friji mimi nikiikuta inanguruma siiogopi. Naogopa ile iliyonyamaza."

"Basi huyu ananguruma," mke wake akasema.

Kulikuwa na tatizo moja ambalo kwa maneno peke yake halikwisha. Ilibidi Kasuku alieleze, na akalieleza akiangalia rimoti. Mashine ile, ukipata picha nzuri, unabonyeza kitufe, picha inaganda, ndipo unapima: kichwa kina upana gani, mfupa wa paja una urefu gani. Wakati ule mkono lazima usimame. Ukitikisika, picha inatoka kama ya jini. Kwa hiyo mkono ukisimama, mara nyingi ni habari njema. Ni kama mpiga picha anayesema, tulia hapohapo, umependeza.

"Kwa hiyo kila ukipata picha nzuri mimi nitakufa," wifi yake akasema.

"Utakufa kidogo."

"Mara ngapi?"

"Nyingi."

Basi wakafanya mazoezi ya kusimama. Kasuku alipitisha rimoti huku anaongea, ghafla akasimama, na msusi, ambaye alijua kabisa kwamba ile ni rimoti na haioni kitu hata kwenye televisheni yenyewe bila kupigwa kofi, alikaza mwili mzima.

"Vidole vimekunjika," akasema kaka kutoka miguuni.

"Sijakunja."

"Umekunja. Ninavyo mkononi."

Wakaendelea. Rimoti inakwenda, inasimama. Inakwenda, inasimama. Kasuku akaongea habari za mhadhiri anayepiga chafya kila akitaja ini, za mwenzake wa darasani aliyejipima mwenyewe akasema kajiona figo tatu, akaenda kwa daktari analia, kumbe moja kaihesabu mara mbili. "Vimekunjika," kaka akasema. Rimoti ikasimama, ikaenda. "Bado." Televisheni ikabadilisha chaneli mara kadhaa kwa sababu zake. "Nusu." Ilifika mahali Kasuku mwenyewe akachoka kuongea, jambo ambalo katika ukoo ule halikuwahi kuripotiwa, akasimamisha mkono juu ya kitovu, akapumua, na chumba kizima kikawa kimya.

Walisubiri.

"Vimelala," kaka akasema.

Wakamtazama msusi. Naye alikuwa amelala usingizi, mdomo wazi, anakoroma kwa heshima.

* * *

Chumba cha mtihani kilikuwa na giza la mchana, lile la mapazia mazito, na ubaridi wa kiyoyozi ambacho hakuna aliyejua rimoti yake ilipotelea wapi. Kitanda kilitandikwa karatasi. Kasuku alikuwa ameikumbatia chupa ya jeli kwapani tangu asubuhi ili isimshtue mtu kwa ubaridi, na alipoitoa ilikuwa na joto kama chapati, lakini mikono yake mwenyewe ilikuwa barafu.

Madamu Kimya alikaa nyuma, pembeni, pale ambapo aliweza kuiona skrini na wewe hukuweza kumwona. Penseli ilikuwa mkononi.

"Anza," akasema.

Kasuku akaanza. Akajitambulisha, kama inavyotakiwa, kwa mtu aliyekunywa naye uji saa moja iliyopita. Akaomba ruhusa ya kumgusa. Wifi yake akajibu, "Umeshapewa," kwa sauti nyembamba kuliko yake. Jeli ikamiminwa, ile probu, kile kidude chenyewe, ikateremka juu ya tumbo, na Kasuku akafungua mdomo.

"Nimeshawahi kukwambia kaka yangu alivyopanda barafu?"

Penseli ikaandika kitu.

"Hapana," wifi yake akasema.

"Alikuwa mdogo, hajaanza shule. Jirani mmoja ndiye peke yake mwenye friji mtaa mzima. Vuta pumzi kidogo. Achia. Siku moja akampa kipande cha barafu. Kaka hakukila. Akakaa anakitazama. Akaona kinapungua." Mkono ukasimama. Kitufe. Alama mbili zikawekwa huku na huku ya fuvu dogo, jeupe, la mviringo. Mkono ukaenda. "Sasa kwa akili yake, alikuwa amemwona mama akipanda mahindi. Punje moja inaingia, mahindi mangapi yanatoka? Akachukua kipande chake, au kilichobaki, akaenda nyuma ya nyumba, akachimba. Geuka kwangu kidogo, wifi. Hapo. Akakifukia. Na maji akakimwagilia."

Wifi yake akacheka puani, tumbo likatikisika, na skrini nzima ikatikisika nalo. Kule mwisho wa kitanda vidole vya miguu vilikuwa vimelala. Mfupa wa paja: kitufe. Uti wa mgongo, umejipanga kama shanga: kitufe. Kasuku akaanza kuiona shahada. Aliiona kwa macho yake, iko kwenye fremu, mama ameitundika sebuleni juu ya saa. Akahamisha probu mkono huu kwenda huu ili afute jeli iliyomwagika kwenye nguo ya mgonjwa, akairudisha, akapanda kuelekea kifuani.

"Kila asubuhi anakwenda kuangalia kama imeota. Anamwambia mama, bado. Mama hajui bado nini. Siku ya..."

Moyo ulikuwa kulia.

Akatazama tena. Moyo ulikuwa unapiga, vyumba vinne, vizuri kabisa, upande usio wake. Akashuka kidogo kulitafuta tumbo la mtoto, ule mviringo mweusi mdogo. Nalo lilikuwa kulia. Kila kilichotakiwa kuwa huku kilikuwa kule. Kitabuni kuna ukurasa mmoja tu wa hali hiyo, na Kasuku aliuona wote kichwani, mpaka namba yake ya chini. Mkono ulikuwa umesimama. Hakuusimamisha yeye.

Hakujua amenyamaza muda gani. Alichokijua ni kwamba hata penseli ilikuwa imenyamaza.

Vidole vya miguu vikakunjika, kimoja kimoja.

"Wifi," ikasema sauti kutoka kwenye mto, ndogo mno, ya mtu anayeomba bila kutaka kuonekana anaomba. "Sasa barafu iliota, au haikuota?"

Kasuku akaangalia chini, kwa sababu juu hakuweza kuangalia, akauona mkono wake mwenyewe na ile probu ndani yake. Ubavuni mwa probu kuna kivimbe kidogo kama punje ya mchele. Wanafundishwa mwezi wa kwanza, kabla hata ya kuwasha mashine: kivimbe kikae upande wa kidole gumba, kikigeuka, kushoto inakuwa kulia na dunia nzima inageuka. Kivimbe kilikuwa upande wa kidole cha mwisho. Aliposhika kitambaa cha kufutia, aliirudisha kinyume.

Aligeuza mkono. Moyo ukahamia nyumbani kwake. Tumbo likaufuata.

Na neno likamjia mpaka kwenye meno: mzima, wifi, ni mzima, ni mimi ndiye niliyegeuka. Lilikuwa limejaa mdomo kama maji ya moto. Kimya kule nyuma kilikuwa kinalisubiri. Jicho lilikuwa lake.

"Samahani," akasema. "Nilishika kifaa kinyume. Kosa la mkono wangu, nimelirekebisha. Haikuota. Barafu haikuota, wifi, ingeota vipi? Alilia. Alilia mpaka mama akaambiwa ni nini kimepandwa. Basi mama, alfajiri, akaenda kwa jirani mwenye friji, akaomba vipande viwili. Akavifukia palepale. Akarudi ndani akamwamsha, 'Twende tukaangalie shamba lako.' Kaka akachimba. Kimoja kilikuwa kimezaa viwili." Mkono ukaenda, ukasimama, ukaenda. "Mpaka leo ukimwambia mama alikudanganya, anakasirika. Vuta pumzi. Ndiyo maana akawa fundi friji. Achia."

Alimaliza yaliyobaki akiwa analoa jasho kwenye baridi ile. Alipofuta jeli alifuta polepole, akamfunika wifi yake tumbo, na hakumtazama usoni, kwa sababu uso wake mwenyewe haukuwa mlango uliofungwa, ulikuwa dirisha.

Madamu Kimya aliinuka. Soli laini hazikusema kitu. Akazipitia picha moja moja kwenye skrini, akachukua probu, akarudia mwenyewe pale kwenye kifua, kivimbe kikiwa mahali pake. Alichukua muda. Halafu akamgeukia msusi.

"Mama, mimi ninaruhusiwa kukwambia. Mtoto wako anaendelea vizuri. Kila kitu kipo, na kipo upande wake."

Msusi akaketi kitandani, akashuka, akavaa kandambili, mguu wa kulia katika ya kushoto. Alipofika mlangoni akarudi, akamshika Kasuku kichwa, akamvuta nywele kidogo, kwa kucha mbili, kama anavyopima nywele za mteja mpya. "Njoo Jumamosi nikusuke," akasema. "Umechakaa." Akatoka. Ukasikika mlango wa korido, na sauti ya mwanaume mwenye maneno machache ikiuliza neno moja, kisha kitu kizito kama sanduku la vifaa kikianguka sakafuni, na vyuma vikitawanyika huku na huko.

* * *

"Probu kinyume," Madamu Kimya akasema. "Mwaka wa nne."

"Ndiyo, Madamu."

"Hilo ni kosa la mwezi wa kwanza. Nitakukata alama, na nitakukata kwa furaha."

"Sawa, Madamu."

"Ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

"Halafu ukaongea habari za barafu." Mkufunzi alikuwa amekaa tena, lakini sasa kwenye kiti cha mpimaji, karibu na mashine. "Nilikuwa na penseli tayari. Nilikuwa nasubiri useme 'mtoto mzima'. Ungesema, ningekufelisha, na leo usiku nisingelala, lakini ningekufelisha. Mbona hukusema?"

"Ilikuwa ya kwako kusema, Madamu. Mimi yangu ilikuwa kumshika asianguke."

Mkufunzi akatikisa kichwa, kama mtu anayekubali hesabu ambayo hakutaka itoke hivyo. Akaandika. Akaandika tena. "Umepita," akasema, kwa sauti ileile ambayo angesema mvua imeacha kunyesha. "Si kwa alama nyingi. Lakini umepita."

Miguu ya Kasuku ilitaka kukimbia mpaka koridoni, akawakumbatie watu. Akasema asante, akasema tena, akaanza kukunja karatasi ya kitanda ili atandike nyingine kwa ajili ya mtahiniwa anayefuata.

"Anayefuata ni baada ya mapumziko," Madamu Kimya akasema. "Funga mlango."

Akaufunga. Alipogeuka, mkufunzi wake alikuwa anavua viatu. Akavipanga chini ya kitanda, kimoja kando ya kingine. Akafungua koti jeupe, akalikunja, akakosa pa kuliweka, akampa Kasuku alishike. Bila koti alikuwa mwanamke mwembamba tu, wa makamo, mwenye soksi.

"Nina kitu hapa," akasema, akaweka kiganja chini ya mbavu za kulia. "Kinaniuma tangu kabla ya mitihani. Humu ndani kila mtu nimemfundisha mimi kunyamaza. Akininyamazia mmoja wao, nitakuwa nimeshajua kabla hajazima mashine." Akapanda kitandani, karatasi ikalia chini yake, akalala chali na kutazama dari. "Nipime wewe. Na hiyo skrini, tafadhali, igeuze kule nisiione."